Kilemba cha Wajir na kura ya Washington

Agosti 2006, seneta wa Marekani kutoka jimbo la Illinois aitwaye Barack Obama alifika Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Wazee wa Kisomali wakampokea kama anavyopokewa mgeni wa heshima: wakamvisha shuka nyeupe, wakamfunga kilemba, na mtu akapiga picha. Kwa mtu wa Wajir, Garissa au Lamu, picha ile haina neno. Mgeni kavishwa, kafurahi, kaondoka.

Februari 2008 picha ileile iliibuka kwenye intaneti ya Marekani, siku chache kabla ya kura za mchujo za Texas na Ohio, Obama akiwa anachuana na Hillary Clinton ndani ya chama chao cha Democratic. Sasa ikawa na neno. Ilipokewa kama ushahidi wa yale yaliyokuwa yakizunguka kwa barua pepe kwa zaidi ya mwaka: kwamba Obama ni Mwislamu wa siri, kwamba alisoma madrasa ya siasa kali huko Jakarta, kwamba alipoapishwa kuwa seneta alishika Msahafu. Hakuna lililokuwa kweli. Jakarta alisoma shule ya Kikatoliki, kisha shule ya kawaida ya serikali. Aliyeapa kwa Msahafu alikuwa Keith Ellison, mbunge wa Minnesota, Januari 2007, na nakala aliyoishika iliwahi kuwa mali ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo. Obama mwenyewe alikuwa muumini wa kanisa la Trinity United Church of Christ la Chicago kwa miaka ipatayo 20.

Kioja kilikuja mwezi uliofuata. Machi 2008 televisheni zilianza kurusha vipande vya mahubiri makali ya mchungaji wa kanisa hilo, Jeremiah Wright, na Obama akalazimika kwenda Philadelphia kutoa hotuba ndefu kujieleza. Kwa hiyo alikuwa akilaumiwa kwa maneno ya mchungaji wake, na wakati huohuo akiambiwa kuwa hana mchungaji kwa sababu ni Mwislamu. Mashtaka hayo mawili hayawezi kukaa kwenye kichwa kimoja, lakini yalikaa, tena kwenye vichwa vingi. Ukitaka kuelewa uhusiano wa dini, ukweli na kura ya rais Marekani, hapo ndipo pa kuanzia: jinsi mambo mawili yanayopingana yanavyoweza kuaminiwa pamoja, mradi yote mawili yanamchafua mtu usiyemtaka.

Kisheria, dini ya mgombea haipaswi kuwa hoja hata kidogo. Ibara ya 6 ya Katiba ya Marekani inakataza sharti lolote la dini kwa mtu anayeshika wadhifa wa umma, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanaizuia serikali isiweke dini ya taifa wala isizuie watu kuabudu. Lakini katiba inaifunga serikali tu. Haimfungi mpigakura. Yeye akiwa peke yake na karatasi yake anaweza kumkataa mtu kwa sababu ya dini, sura, au namna anavyocheka.

Na walianza mapema. Katika uchaguzi wa mwaka 1800, gazeti moja la wafuasi wa chama cha Federalist liliwawekea wasomaji wake mambo mawili wachague: Mungu na rais mcha Mungu, au Jefferson pasipo Mungu. Jefferson hakuwa mkana Mungu. Ila hakuwa Mkristo wa kawaida pia. Baadaye alichukua wembe akazikata Injili, akabakiza mafundisho ya Yesu na kuondoa miujiza. Wahenga wetu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa Jefferson lilikuwepo nusu, na hiyo nusu ikakuzwa hadi ikawa jitu. Alishinda hata hivyo.

Al Smith hakushinda. Mwaka 1928 gavana huyu wa New York alikuwa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais. Mwaka mmoja kabla, lilikuwa limefunguliwa handaki la magari chini ya mto Hudson, Holland Tunnel, linalounganisha New York na New Jersey. Picha ya Smith kwenye handaki hilo ikasambazwa ikiwa na maelezo kwamba Smith akishinda, litaendelezwa chini ya bahari mpaka Vatikani, Papa apate njia ya kuja kutawala. Kwa haki, uchumi ulikuwa ukinawiri chini ya chama pinzani cha Republican, na Smith alipinga marufuku ya pombe iliyokuwa kipenzi cha Waprotestanti wengi, hivyo pengine angeshindwa tu. Lakini lile handaki linastahili kukumbukwa. Ni baba wa kilemba cha Wajir.

John F. Kennedy alijifunza kwa Smith. Tarehe 12 Septemba 1960 alikwenda Houston, Texas, akasimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti, akawaambia kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki. Ni mgombea wa chama cha Democratic ambaye pia ni Mkatoliki. Akaongeza kuwa siku dhamiri yake na wadhifa wake vitakapogongana asiweze kuvipatanisha, atajiuzulu. Alimshinda Richard Nixon kwa kura zisizofika 120,000 kati ya takriban milioni 68. Wakatoliki karibu 8 kati ya 10 walimpa yeye. Kura ya namna hiyo inaeleweka kwa urahisi: watu waliotukanwa miaka mingi walikuwa wakimchagua mwenzao.

Hadi hapo hesabu ni nyepesi, mpigakura anauliza mgombea anasali wapi, kisha anaamua. Mambo yalianza kupinda mwaka 1976, na yalipindia mikononi mwa mtu ambaye kila mtu angedhani atayanyoosha.

Jimmy Carter, mkulima wa karanga kutoka Plains, kijiji cha Georgia, alikuwa Mbaptisti anayefundisha shule ya Jumapili. Alisema hadharani kwamba amezaliwa mara ya pili. Waandishi wa habari wa New York na Washington, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa meza moja na mlokole, wakaanza kupiga simu huku na huko kuuliza maana yake. Nchi ilikuwa imetoka kwenye kashfa ya Watergate, Nixon amejiuzulu mwaka 1974 baada ya kudanganya taifa, na Carter akaahidi kwamba hatawadanganya kamwe. Dini na ukweli vilikuwa vimekutana kwa mgombea mmoja. Akashinda.

Miaka minne baadaye walokole weupe waliokuwa wamempigia wakamwacha kwa wingi wakaenda kwa Ronald Reagan. Tuwaweke wawili hawa kwenye mizani kwa vipimo vya kanisa lenyewe. Carter: ndoa moja, Biblia kila siku, darasa la Jumapili. Reagan: mwigizaji wa Hollywood aliyeachana na mke wa kwanza, ambaye akiwa gavana wa California mwaka 1967 alitia saini sheria iliyolegeza utoaji mimba, na ambaye alipokuwa Ikulu hakuonekana sana kanisani. Kama dini ya mgombea ndiyo ingekuwa inaamua, Reagan asingepata hata salamu.

Kilichotokea kati ya 1976 na 1980 kina simulizi mbili. Ile inayopendwa makanisani inasema Wakristo waliamshwa na hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Roe na Wade, Januari 1973, iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima. Shida ni kwamba mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu kutoa mimba katika hali kama ubakaji au pale afya ya mama inapokuwa hatarini. Wakati huo wengi wao waliliona suala hilo kuwa la Wakatoliki. Simulizi ya pili, anayoishikilia mwanahistoria Randall Balmer, inaanzia kwenye kodi. Baada ya mahakama kuamuru watoto weusi na weupe wasome pamoja, shule nyingi binafsi za Kikristo zilifunguliwa Kusini, nyingine kwa lengo la wazi la kuwakwepa weusi. Mamlaka ya kodi ikaanza kuzinyima msamaha wa kodi zilizobagua. Chuo Kikuu cha Bob Jones cha South Carolina kilinyang'anywa msamaha huo mwaka 1976, na kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa dhidi yake mwaka 1983. Mwaka 1978, chini ya Carter, mamlaka hiyo ilipendekeza kanuni kali zaidi, na hasira ya wakuu wa shule hizo ikawapata waratibu wa siasa wenye uzoefu waliokuwa wakiisubiri.

Wanahistoria wanabishana kuhusu uzito wa kila simulizi. Mimi naona zote mbili zilikuwepo: ya kodi iliwaleta viongozi mezani, ya mimba ikawaleta waumini barabarani. Mwaka 1979 mchungaji Jerry Falwell wa Virginia akaanzisha vuguvugu la Moral Majority. Agosti 1980, Dallas, Reagan alisimama mbele ya maelfu ya wachungaji na waumini akawaambia anajua wao hawawezi kumuidhinisha, lakini yeye anawaidhinisha wao. Sheria ya mwaka 1954 ilizuia makanisa yenye msamaha wa kodi kutangaza mgombea, kwa hiyo Reagan akaigeuza: mgombea akawatangaza wao. Hakudai kuwa mcha Mungu kuliko Carter. Aliwaambia tu kwamba yuko upande wao.

Tangu siku ile swali lilibadilika. Zamani liliuliza, huyu anasali wapi? Sasa likawa, huyu atatupigania? Na swali likibadilika, thamani ya ukweli nayo hubadilika. Mtu unayemtafuta akuongoze kiroho, uongo wake unakuumiza. Mtu unayemtafuta akupiganie, uongo wake anaudanganyia adui yako.

Haikuonekana upesi. Mwaka 1998, Bill Clinton alipokana uhusiano wake na mwanafunzi wa kazi Ikulu, kabla hajabanwa hadi akakiri, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio kuhusu tabia ya viongozi wa umma, wakionya kuwa kuvumilia maovu makubwa ya viongozi kunaua dhamiri ya jamii. Clinton mwenyewe alikuwa Mbaptisti wa Kusini, kwa hiyo walikuwa wakimkemea mtoto wa nyumbani. Wafuasi wa Democratic, kwa upande wao, walishika msimamo kwamba mambo ya chumbani ni ya chumbani, na uongo wa rais chini ya kiapo wakauona kama kiapo cha mtu aliyetegwa.

Sasa tazama takwimu hii, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote katika habari hii. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa maoni ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi aliyefanya jambo chafu katika maisha yake binafsi anaweza bado kutenda kwa uadilifu katika kazi ya umma. Kati ya Waprotestanti weupe wa kiinjili, yaani wale tunaowaita walokole kwa maana pana, asilimia 30 tu walikubali, wakiwa wakali kuliko makundi mengine. Oktoba 2016 waliulizwa tena. Walikubali asilimia 72. Ndani ya miaka mitano kundi lililokuwa kali likawa miongoni mwa yaliyo laini kabisa. Biblia ilikuwa ileile, na mahubiri ya Jumapili hayakupinduka. Kilichobadilika ni jina la mtu kwenye karatasi ya kura.

Jina hilo ni Donald Trump: mmiliki wa zamani wa kasino, mwenye ndoa tatu, aliyesimama Chuo Kikuu cha Kikristo cha Liberty Januari 2016 akautaja Waraka wa Pili kwa Wakorintho kwa namna iliyowafanya wanafunzi wacheke. Oktoba mwaka huo ilitoka sauti yake iliyorekodiwa akijisifu kuwashika wanawake bila ridhaa yao. Mwezi uliofuata takriban Wakristo weupe wa kiinjili 8 kati ya 10 walimpigia.

Wanafiki? Neno hilo ni jepesi mno, na anayelitumia haraka hatajifunza kitu. Wapigakura hawa walikuwa na hesabu yao, tena ya wazi. Februari 2016 jaji wa Mahakama ya Juu Antonin Scalia alifariki, Seneti ya Republican ikakataa kumsikiliza aliyeteuliwa na Obama, na kiti kikabaki wazi kikimsubiri mshindi. Mwezi Mei Trump akafanya jambo lisilo la kawaida, akachapisha orodha ya majina ya majaji ambao angewateua. Mkristo aliyeamini kwamba mimba ni mtoto alikuwa na mkataba mkononi. Trump aliteua majaji watatu, na tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ya Roe. Muahidi huyu, anayetajwa kwa uongo kuliko mtangulizi wake yeyote, alikuwa ametimiza ile ahadi moja waliyokuwa wakiitaka.

Kwa wale ambao hesabu tupu haikuwatosha, maandiko yalipatikana. Wahubiri walianza kumfananisha Trump na Koreshi, mfalme wa Uajemi. Katika Isaya 45, Mungu anamwita Koreshi masihi wake ingawa hamjui Mungu wa Israeli, na anamtumia kuwarudisha Wayahudi kutoka Babeli. Fumbo hilo lilikuwa na akili yake. Likikubalika, tabia ya rais haihojiwi tena, maana kadiri anavyokuwa mbali na Mungu ndivyo muujiza wa kutumiwa kwake unavyong'aa. Robert Jeffress, mchungaji wa kanisa kubwa la Wabaptisti mjini Dallas, hakuhitaji fumbo: alisema wazi kwamba kwenye kiti kile anataka mtu katili na mgumu kuliko wote atakaoweza kumpata.

Kuna jambo lingine linalosahaulika mara nyingi. Ukivuka barabara kutoka kanisa la weupe kwenda la weusi, kwenye mji uleule wa Alabama, unakuta Biblia ileile, ubatizo uleule wa kuzamishwa, mara nyingi hata jina lilelile la Baptist mlangoni, na Jumanne ya uchaguzi karibu 9 kati ya 10 wanampigia mgombea wa Democratic. Abraham Lincoln aliliona mapema. Machi 1865, akiapishwa kwa mara ya pili huku vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, alisema pande zote mbili zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila mmoja akiomba msaada dhidi ya mwenzake. Kama imani peke yake ingekuwa inatoa kura, makanisa hayo mawili yangepiga pamoja. Kinachotoa kura ni historia ya watu wanaokaa kwenye viti vya kanisa: utumwa, ubaguzi, mapambano ya haki za kiraia, na nani alikuwa upande gani.

Wakatoliki nao wanaonyesha hivyohivyo. Joe Biden, Mkatoliki wa pili kuwa rais, anayekwenda misa na kutembea na rozari, mwaka 2020 aligawana kura zao nusu kwa nusu na Trump. Ile 8 kati ya 10 ya Kennedy ilikuwa imeyeyuka zamani. Waislamu je? Mwaka 2000 muungano wa mashirika yao ya kisiasa ulimuidhinisha George W. Bush wa Republican. Baada ya Septemba 2001 na vita vya Iraq wakahama. Mwaka 2024, kwa hasira ya Gaza, mji wa Dearborn, Michigan, wenye Waarabu wengi, ulimpa Trump kura nyingi kuliko Kamala Harris, na Jill Stein wa chama cha Green akachukua takriban 18 kati ya 100. Msikiti ni uleule katika vituo vyote vitatu.

Na mshale wakati mwingine huruka kinyume, chama kikaichagua dini. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwafuatilia watu walewale kati ya 2016 na 2020, kikakuta Wamarekani weupe waliompenda Trump walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kujiita wa kiinjili kuliko weupe wasiompenda. Upande wa pili, watu wazima karibu 3 kati ya 10 sasa wanasema hawana dini yoyote, na wengi wao huegemea Democratic. Kwa baadhi yao, kuliacha kanisa na kukiacha chama kilichojifungamanisha nalo lilikuwa tendo moja.

Turudi kwenye ukweli wenyewe. Oktoba 2008, huko Lakeville, Minnesota, mwanamke mmoja alipewa kipaza sauti kwenye mkutano wa John McCain, mgombea wa Republican aliyekuwa akichuana na Obama, akasema hamwamini Obama kwa sababu ni Mwarabu. McCain alikinyakua kipaza sauti. Hapana, mama, alisema, yule ni mtu mwema mwenye familia yake, raia, ambaye natofautiana naye tu katika mambo ya msingi. Baadhi ya wafuasi wake walimzomea siku ile. Siku chache baadaye Colin Powell, jenerali na waziri wa zamani wa Republican, alikwenda mbele zaidi. Jibu sahihi, alisema, ni kwamba Obama ni Mkristo. Lakini jibu sahihi hasa ni kuuliza: na angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani?

Hakuna aliyesikia. Mwaka 2010, Obama akiwa Ikulu mwaka wa pili, Pew ilikuta asilimia 18 ya Wamarekani wakisema rais wao ni Mwislamu, wengi kuliko kabla hajachaguliwa. Taarifa sahihi zilikuwa zimejaa kila mahali. Nadhani ni kosa kuyasoma majibu hayo kama ujinga mtupu. Muulize shabiki wa Yanga kama ile ilikuwa penalti. Hakuelezi alichokiona, anakueleza anashangilia nani. Kuna wengi walioamini kweli, lakini kuna wengine ambao "ni Mwislamu" kwao ilikuwa namna ya kusema simtaki huyu, kwa lugha ambayo wenzao wangeielewa. Na uongo unaosemwa kama kiapo cha utii haukanushiki kwa cheti. Obama alitoa cheti chake kamili cha kuzaliwa Honolulu mnamo Aprili 2011, baada ya Trump kuzunguka kwenye televisheni akidai pengine amezaliwa Kenya. Trump alikuja kukubali Septemba 2016, kwa sentensi fupi, wiki chache kabla ya uchaguzi wake mwenyewe.

Gazeti la Washington Post lilihesabu madai 30,573 ya uongo au ya kupotosha katika miaka minne ya kwanza ya Trump Ikulu. Dai kubwa kuliko yote, kwamba uchaguzi wa 2020 uliibwa, lilipelekwa mahakamani zaidi ya mara 60 likashindwa karibu kila mahali, mengine mbele ya majaji aliowateua yeye. Januari 6, 2021, watu waliovamia Bunge walikuwa na mabango ya Yesu mikononi, na ndani ya ukumbi wa Seneti wengine walisimama wakaomba.

Carter aliishi kuyaona yote hayo. Aliendelea kufundisha shule ya Jumapili katika kanisa la Maranatha, Plains, hadi uzeeni, na watu walipanga foleni alfajiri kupata kiti. Oktoba 2024, akiwa ametimiza miaka 100, alipiga kura kwa njia ya posta. Georgia yake ilikwenda kwa Trump. Alifariki Desemba 29. Januari 9, 2025, jeneza lake lililofunikwa bendera liliwekwa mbele ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Taifa, Washington, na marais wote watano waliokuwa hai wakaja. Kwenye safu ya pili, mtu aliyevishwa kilemba Wajir alikaa kando ya yule aliyedai cheti chake. Kabla ibada haijaanza, kamera zikawanasa wameinamiana, wakinong'ona na kucheka.